Kompyuta Haioni Televisheni

Ulipokuwa darasa la nne ulijifunza kutengeneza saketi ya tochi. Tochi ilipokataa kuwaka, hukuitupa. Ulitazama betri, kisha balbu, kisha swichi, kisha mahali ambapo waya hugusana. Ulifanya hivyo kwa sababu ulijua kuwa umeme hupita katika njia moja, na kwamba njia hiyo ikikatika mahali pamoja tu, balbu haiwaki hata kama vitu vingine vyote ni vizima.

Katika sura hii tutatafuta kasoro katika njia ambayo haionekani kwa macho. Hakuna waya wa kufuata kwa kidole. Hata hivyo njia ipo, nayo ina mwanzo na mwisho kama ile ya tochi.

Hebu fikiri darasa la tano katika shule fulani. Mwalimu wa sayansi ameandaa filamu fupi inayoonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu. Filamu imo ndani ya kompyuta ndogo ya shule. Kioo cha kompyuta hiyo ni kidogo, na wanafunzi ni wengi. Waliokaa nyuma hawataona kitu. Mbele ya darasa ipo televisheni kubwa. Mwalimu anataka kuirusha filamu kutoka katika kompyuta hadi katika televisheni bila kutumia waya. Jana jioni alijaribu nyumbani kwake, akitumia televisheni yake mwenyewe, na filamu ikaonekana vizuri. Leo anafungua orodha ya televisheni zilizo karibu, na orodha ni tupu. Kipindi ni dakika 40, na dakika zinakwenda.

Mwanafunzi mmoja anasema, "Mwalimu, kompyuta hii ni ndogo mno, haina nguvu. Inunuliwe nyingine." Wa pili anasema televisheni imeharibika. Wa tatu anataka vyombo vyote vizimwe na kuwashwa upya. Huenda mmoja wao akabahatisha. Lakini wote watatu wamekwisha kutoa jibu, na hakuna aliyeuliza swali.

VYOMBO VINAVYOHUSIKA

Kompyuta ya darasa hili ni ya aina iitwayo Raspberry Pi. Ilianza kuuzwa nchini Uingereza tarehe 29 Februari, 2012, kwa nia ya kuwapatia vijana chombo cha bei nafuu cha kujifunzia. Ni kibao kimoja chenye urefu wa milimita 85 hivi na upana wa milimita 56. Kipime kwa rula juu ya ukurasa huu, nawe utaona kuwa kinaweza kulala juu ya kiganja cha mtu mzima. Toleo la tatu, lililotoka mwaka 2016, lilikuwa la kwanza kuwa na redio ya Wi-Fi ndani yake. Hilo ndilo toleo lililo mbele ya darasa letu.

Programu kuu inayoendesha kibao hicho ni Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, nchini Finland. Mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma Linux, kuibadili na kuigawa. Kwa hiyo watu wameweza kuondoa humo sehemu wasizozihitaji, hata ikawa nyepesi kiasi cha kuendesha kompyuta ndogo au kompyuta kuukuu. Neno "nyepesi" hapa halihusu mizani. Maana yake ni kuwa programu hiyo huridhika na kumbukumbu kidogo. Lakini wepesi nao una gharama yake: mara nyingine kipande kilichoachwa nje ndicho hicho hicho unachokihitaji leo.

Chombo cha pili ni ruta, yaani kisanduku kinachopokea mawimbi ya redio kutoka kwa kila chombo na kupeleka habari mahali panapohusika. Chombo cha tatu ni kipokezi. Kipokezi ni kijikompyuta kinachochomekwa nyuma ya televisheni. Chromecast, iliyotolewa na kampuni ya Google mwaka 2013, ni mfano wake, na siku hizi televisheni nyingi hutengenezwa zikiwa na kipokezi ndani yake.

Mwalimu hutumia programu ya kuchezea filamu iitwayo VLC. Ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja huko Ufaransa, na tangu toleo lake la 3.0 la mwaka 2018 imeweza kurusha filamu hadi kwenye vipokezi vya namna hiyo.

NJIA YA PICHA

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta huitupa picha hewani kama mtoto atupavyo mpira, na televisheni huidaka. Mambo hayaendi hivyo, na wanaodhani hivyo hutafuta kasoro upande usiofaa.

Kwanza, kompyuta huita. Hupeleka ujumbe mfupi kwa vyombo vyote vilivyo katika mtandao mmoja nayo, na ujumbe huo huuliza: "Nani hapa aweza kupokea filamu?" Ujumbe huo haupelekwi kwa mtu mmoja. Hupelekwa katika anwani ya pamoja, 224.0.0.251, ambayo vyombo vyenye kujua lugha hiyo huisikiliza wakati wote.

Pili, kipokezi hujibu kwa kutaja jina lake na anwani yake. Hapo ndipo jina la televisheni hujitokeza katika orodha.

Tatu, kompyuta hukiambia kipokezi: "Filamu iko kwangu, katika mlango namba fulani. Njoo uichukue." VLC kwa kawaida hutumia mlango namba 8010. Mlango huu si wa mbao. Ni namba tu ambayo kompyuta huitumia ili kutenganisha kazi zake mbalimbali.

Nne, kipokezi chenyewe huja mlangoni na kuichota filamu kidogo kidogo, kama mtu achotavyo maji katika mtungi kwa kata. Huchota, huonyesha, huchota tena. Kwa hiyo mchotaji ni televisheni, wala kompyuta haimwagi kitu. Kumbuka jambo hili, kwa kuwa tutalihitaji baadaye.

JARIBIO LA 1: Mchezo wa kuita

Vifaa: kadi kumi zilizoandikwa namba 1 hadi 10, kioo kidogo cha kujitazamia, na karatasi sita zilizochorwa picha za hadithi moja.

Wanafunzi kumi wachukue kadi moja moja. Namba ya kadi ndiyo anwani ya mwanafunzi. Mwenye namba 7 ashike kioo mfukoni. Huyo ndiye kipokezi. Mwenye namba 3 ashike zile karatasi sita. Huyo ndiye kompyuta.

(a) Namba 3 aite kwa sauti: "Mwenye kioo ni nani?" Namba 7 ajibu: "Ni mimi, anwani yangu ni 7." Namba 3 ampelekee kijikaratasi chenye maneno: "Hadithi iko kwangu. Njoo uichukue." Namba 7 aende kuchukua karatasi moja moja, akiionyesha kila moja kwa darasa kabla ya kurudi kuchukua nyingine.

(b) Sasa namba 6 hadi 10 waende katika chumba cha pili na mlango ufungwe. Namba 3 aite tena kwa sauti ile ile. Je, anapata jibu? Mwenye kioo yupo, ni mzima, wala hajalala. Lakini wito haumfikii.

(c) Wote warudi darasani. Mwalimu awe ruta. Atangaze amri moja: kila mwanafunzi anaweza kumuuliza mwalimu habari za nje ya darasa na kujibiwa, lakini ni marufuku mwanafunzi kusema na mwanafunzi mwenzake. Kisha kila mmoja aulize: "Mwalimu, leo nje kuna mvua?" Wote watapata jibu. Halafu namba 3 ajaribu kumpata mwenye kioo. Atashindwa, ingawa wote wawili wako chumba kimoja na wote wawili wana habari za nje.

Andika katika daftari lako tofauti iliyopo kati ya sehemu (b) na sehemu (c). Utaihitaji kabla ya mwisho wa sura hii.

KUIGAWA NJIA KATIKATI

Fundi asiye na haraka hujaribu kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi mwenye darasa linalomngoja hutafuta jaribio moja litakaloigawa njia katika nusu mbili.

Kwa bahati nzuri jaribio hilo ni rahisi. Chukua waya wa HDMI, uunganishe kompyuta na televisheni moja kwa moja, kisha cheza filamu. Ikionekana, umekwisha kujua mambo mengi kwa mara moja: filamu ni nzima, kompyuta inaweza kuicheza, na kioo cha televisheni hufanya kazi. Kasoro imebaki katika upande wa redio na kipokezi. Isipoonekana hata kwa waya, basi usipoteze muda kuigusa ruta.

Katika darasa letu mwalimu alipata waya wa HDMI wenye urefu wa nusu mita tu. Filamu ilionekana, lakini kompyuta ilining'inia nyuma ya televisheni na hakuna aliyeweza kuifikia vizuri. Hata hivyo yule aliyesema televisheni imeharibika alinyamaza.

UMEME NA JOTO

Ni desturi nzuri kuanza na umeme, kwa kuwa umeme mpungufu huleta kasoro za kila namna na kuzifanya zionekane kama kasoro nyingine. Raspberry Pi ya toleo la tatu huhitaji volti 5, na waundaji wake walishauri chaja inayoweza kutoa ampea 2.5. Chaja nyingi za simu hutoa pungufu ya hapo. Volti zikishuka chini ya 4.63, kompyuta huonyesha alama ndogo ya radi katika pembe ya kioo. Ukiiona alama hiyo, badili chaja au waya wake kabla ya kufanya lolote lingine.

Joto nalo hufaa kutazamwa. Kompyuta hii ikifikia nyuzi 80 hadi 85 za Sentigredi, hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Filamu huanza kukatikakatika, na watu hulaumu mtandao.

JE, WAKO KATIKA MTANDAO MMOJA?

Hapa ndipo kasoro nyingi hupatikana, na ndipo tutakapokaa zaidi.

Kila chombo kilichomo katika mtandao hupewa anwani yenye mafungu manne ya tarakimu. Katika kompyuta ya Linux, fungua dirisha la kuandikia amri, kisha andika:

hostname -I

Herufi ya mwisho ni I kubwa. Kompyuta itajibu kwa namba kama 192.168.1.14. Sasa tafuta anwani ya kipokezi katika ukurasa wa mipangilio wa televisheni. Tuseme ni 192.168.1.20. Katika mitandao mingi ya nyumbani na ya shule, mafungu matatu ya mwanzo yakilingana, vyombo hivyo vimo katika mtandao mmoja. Ikiwa kimoja ni 192.168.1.14 na kingine ni 192.168.8.20, basi mmoja yumo chumba cha pili, kama ulivyoona katika sehemu (b) ya jaribio letu.

Baada ya hapo, mbishie hodi mwenzako. Andika:

ping -c 4 192.168.1.20

Amri hii hupeleka hodi nne. Hodi zikijibiwa, njia kati ya vyombo viwili iko wazi. Zisipojibiwa, na anwani umeiandika sawasawa, basi huenda kitu kimesimama katikati.

Sasa turudi darasani. Anwani ya kompyuta ilikuwa 192.168.1.14 na anwani ya televisheni ilikuwa 192.168.8.20. Mwanafunzi mmoja aliyekaa mbele alisoma jina la mtandao katika kioo cha televisheni, kisha akasoma jina la mtandao katika kioo cha kompyuta. Majina yalifanana, isipokuwa la televisheni lilikuwa na neno moja zaidi mwishoni: "wageni".

Ruta nyingi huweza kutoa mitandao miwili kutoka katika kisanduku kimoja. Mmoja ni wa wenyeji, na mwingine ni wa wageni. Mtandao wa wageni huwekwa makusudi ili mgeni apate intaneti bila kuweza kuvifikia vyombo vya wenyeji, na mara nyingi hata wageni wawili hawaruhusiwi kuonana. Ni ulinzi mzuri, wala si kasoro. Aliyeiunganisha televisheni siku ya kwanza alitumia jina alilopewa, na televisheni ikapata intaneti, na kila mtu akaridhika.

Tazama jinsi jambo hili linavyodanganya. Ungeiuliza kompyuta kama ina intaneti, ingesema ndiyo. Ungeiuliza televisheni, nayo ingesema ndiyo. Vyombo viwili vizima, kila kimoja kina mawasiliano na dunia nzima, navyo haviwezi kusemezana vikiwa vimetengana kwa hatua tatu. Ndiyo sababu swali "Je, una intaneti?" halitoshi. Swali linalofaa ni hili: "Je, mnasikiana?"

Mwalimu aliiunganisha televisheni na mtandao wa wenyeji. Jina lake likajitokeza katika orodha. Kompyuta ndogo iliyotaka kubadilishwa haikuwa na kosa lolote.

MLANGO ULIOFUNGWA

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwalimu alichagua jina la televisheni, kioo chake kikabadilika rangi kuonyesha kuwa kimeitwa, kisha kikabaki vivyo hivyo. Hapakuwa na picha wala sauti.

Je, wakumbuka ni nani anayechota? Kipokezi kilikuwa kimeusikia wito na kujibu. Kilikuwa kimeambiwa kiende katika mlango namba 8010. Kilipofika kilikuta mlango umefungwa. Baadhi ya kompyuta za Linux huwekewa programu ya ulinzi inayoacha habari zitoke lakini inazuia wageni wasiingie. Mtu anayeamini kuwa kompyuta ndiyo inayotupa picha hatafikiri juu ya mlango wa kuingilia, kwa kuwa kwake yeye kila kitu hutoka. Atakaa siku nzima akitazama televisheni, hali mlango uliofungwa uko nyuma yake.

Dawa si kuuondoa ulinzi wote. Yatosha kuufungua mlango huo mmoja kwa vyombo vya mtandao wa ndani. Kazi hiyo hufanywa na mwenye dhamana ya kompyuta. Mwanafunzi asiifanye peke yake.

Baada ya mlango kufunguliwa, moyo ulionekana katika televisheni, ukipanuka na kujikunja. Dakika 23 za kipindi zilikuwa zimekwisha, na filamu ilikuwa ya dakika 12.

MAWIMBI DARASANI

Darasa hilo lilipata picha nzuri tangu mwanzo. Lingeweza kupata picha inayogandaganda, na sababu zake ni nyingine.

Wi-Fi ni mawimbi ya redio. Ruta nyingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Wimbi la kwanza lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, na la pili lina urefu wa sentimita 6 hivi. Pima urefu huo kwa rula. Mawimbi mafupi hubeba habari nyingi kwa haraka, lakini hufifia upesi zaidi yanapopita katika kuta. Mawimbi marefu hupenya vizuri zaidi, lakini njia yao ina msongamano, kwa sababu vyombo vingi hutumia mawimbi hayo hayo. Hata jiko la mikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.4, na likiwa karibu na ruta huweza kuivuruga.

Raspberry Pi ya mwaka 2016 husikia gigahezi 2.4 tu. Iliyotoka mwaka 2018 ikiwa na jina lile lile na alama ya kujumlisha husikia zote mbili. Basi ikiwa ruta ya shule ina majina mawili, na jina la gigahezi 5 halionekani kabisa katika kompyuta ya mwaka 2016, usidhani kuwa imeharibika. Haina sikio la sauti hiyo.

Mabati na vyombo vya chuma huyarudisha mawimbi. Maji huyameza. Na mwili wa mwanadamu una maji mengi. Darasa lenye wanafunzi 60 waliosimama kati ya ruta na televisheni si sawa na darasa tupu. Mwalimu akijaribu asubuhi kabla hamjaingia, kisha picha ikagandaganda mlipoingia, ajaribu kuiweka ruta juu ya kabati, juu ya vichwa vyenu. Nimeona watu wakibadilisha ruta nzima kwa ajili ya jambo hili.

LUGHA YA FILAMU

Filamu huandikwa kwa namna mbalimbali, kama hadithi moja inavyoweza kuandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiarabu. Namna iliyoenea sana huitwa H.264, na vipokezi vyote tulivyovitaja huielewa. Filamu ikiwa imeandikwa kwa namna ambayo kipokezi hakiijui, VLC hujitolea kuwa mkalimani: huitafsiri filamu huku ikiendelea kuirusha. Kabla ya kuanza hutoa onyo kwamba kazi hiyo yaweza kutumia nguvu zote za kompyuta.

Kompyuta kubwa huiweza kazi hiyo. Kompyuta nyepesi huhema, hupata joto, na filamu hukatika. Hapa ndipo yule mwanafunzi wa kwanza angekuwa na haki kidogo. Lakini hata hapa hakuna haja ya kununua kompyuta mpya. Filamu yaweza kutafsiriwa usiku, polepole, na kuhifadhiwa ikiwa tayari kwa kipindi cha kesho.

Jambo lingine la wepesi ni hili. Katika baadhi ya matoleo ya Linux, kipande kidogo kinachoiwezesha VLC kuita vipokezi hakimo. Hupaswa kuongezwa kando. Kama orodha ni tupu ingawa hodi zinajibiwa, ukitazame kipande hicho.

KASORO ILIYOTOKA MBALI

Mara chache kasoro haimo katika chumba chako hata kidogo. Tarehe 9 Machi, 2025, watu wa nchi nyingi walikuta vipokezi vya Chromecast vya toleo la pili, lililotoka mwaka 2015, vimekataa kupokea picha. Vilikuwa vimefanya kazi siku iliyotangulia. Hakuna aliyeviangusha, wala umeme haukupungua.

Kila kipokezi cha namna hiyo hubeba hati ndani yake, inayothibitisha kuwa ni chombo halali. Moja ya hati zilizovidhamini vipokezi hivyo ilikuwa imeandikiwa muda wa miaka kumi. Miaka kumi ikaisha siku ile. Simu na kompyuta zilipokagua hati zilikuta muda wake umepita, zikakataa kusema na kipokezi, zikitoa ujumbe kuwa chombo hakikuweza kuthibitishwa.

Wenye vipokezi walifanya nini? Wengi walifanya kama mwanafunzi wetu wa tatu. Walizima na kuwasha, kisha wakafuta mipangilio yote ya kipokezi na kukirudisha katika hali ya upya. Ikawa wamejiongezea taabu, kwa kuwa chombo kilichofutwa kilipaswa kuthibitishwa tena ndipo kiunganishwe, na uthibitisho ndio ulioharibika. Google iliwaonya wenye vipokezi wasivifute, na baada ya siku chache ikaanza kupeleka programu ya marekebisho. Waliongoja walipona mapema kuliko wale waliofuta.

Kuna funzo la saa katika habari hii pia. Raspberry Pi zilizotoka kabla ya toleo la tano hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukizimwa. Zikiwashwa huuliza saa kutoka katika mtandao. Zisipopata jibu hudhani ni tarehe ya zamani, na kompyuta yenye tarehe isiyo sahihi huweza kukataa hati iliyo halali kabisa. Kwa hiyo tazama saa iliyo pembeni mwa kioo. Ni kazi ya nukta moja.

DAFTARI LA KASORO

Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu, kisha andika. Ukibadili chaja, mtandao na filamu kwa pamoja, na picha ikaonekana, hutajua kilichokuponya, na wiki ijayo utaanza upya. Hivi ndivyo darasa letu lilivyoandika:

"Orodha tupu. Alama ya radi: hakuna. Waya wa HDMI: filamu yaonekana. Anwani ya kompyuta 192.168.1.14. Anwani ya televisheni 192.168.8.20. Televisheni imo katika mtandao wa wageni, tumeihamisha. Jina limeonekana. Hakuna picha. Mlango 8010 ulifungwa, umefunguliwa. Filamu yaonekana."

Karatasi hiyo ilibandikwa kwa gundi nyuma ya televisheni.

MASWALI

1. Taja hatua nne za njia ya picha kutoka katika kompyuta hadi katika televisheni. Ni chombo gani kinachochota filamu?

2. Kompyuta ina anwani 192.168.0.5 na kipokezi kina anwani 192.168.0.31. Hodi hazijibiwi, lakini vyombo vyote viwili vina intaneti. Je, hali hii yafanana na sehemu (b) au sehemu (c) ya Jaribio la 1? Eleza sababu.

3. Jina la televisheni limeonekana katika orodha, lakini picha haiji. Kwa nini si lazima kuchunguza tena kama vyombo vimo katika mtandao mmoja?

4. Filamu moja hukatikakatika na nyingine huonekana vizuri, katika kompyuta ile ile, televisheni ile ile na saa ile ile. Utachunguza nini kwanza?

5. Rudia Jaribio la 1 kwa kubuni amri ya mwalimu itakayofanana na mlango uliofungwa. Mwenye kioo asikie wito na ajibu, lakini asipate karatasi hata moja. Andika amri hiyo kwa sentensi moja.

6. Tafuta chombo kimoja nyumbani au shuleni ambacho watu wamekiita kibovu. Mwulize mwenyewe ni maswali gani aliyouliza kabla ya kukiita hivyo, uyaandike katika daftari lako kwa utaratibu aliouliza.